Mvua Iliyonyesha kwa Jirani

*Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12*

  

Juzi kwenye darsa baada ya alasiri ndugu yetu mmoja aliuliza swali. Alisema: "Sheikh, sisi watu wa Dodoma kila mwaka tunalia ukame. Tunatoka kuswali swala ya kuomba mvua. Sasa ikija tunaambiwa tuiogope, tusivuke, tuhame. Hivi huko si kuikimbia rehema tuliyoiomba wenyewe? Na kama siku ya mtu imefika, ataikwepa kwa kusimama upande wa huku wa korongo?"

Watu walicheka kidogo, lakini swali ni zito. Lina maswali mawili ndani yake, la rehema na la kadari. Na nyuma yake naona kuna la tatu ambalo hakuliuliza. Hilo la tatu ndilo linaloninyima usingizi kila mvua za msimu zinapoanza.

Tuanze na rehema. Mama yetu Aisha (r.a.) amesimulia, na hadithi imo kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipoona wingu zito uso wake ulibadilika, akawa anatoka na kuingia, hatulii mpaka mvua inyeshe. Akamuuliza: watu wakiona wingu wanafurahi, mbona wewe unaonekana na wasiwasi? Jibu lake likarudi kwa kina Adi. Wale waliona wingu linaelekea kwenye mabonde yao, wakaambiana kuwa hiyo ni mvua inakuja, kumbe ndani yake mlikuwa na maangamizi. Kisa kimo katika Suratul Ahqaf, na neno hilo Ahqaf lenyewe maana yake ni vilima vya mchanga. Walikuwa watu wa nchi kavu kama sisi, na walichokosea ni kulitazama wingu kwa jicho la hamu peke yake.

Basi aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu hakuona kuwa kupata wasiwasi mbele ya wingu ni kukufuru neema.

Na kipo kisa cha Ijumaa ambacho Anas (r.a.) amekisimulia. Mtume yuko juu ya mimbari, akaingia mtu analalamika: mifugo inakufa, watu wana njaa, tuombee mvua. Akaomba. Mbingu haikuwa na wingu, likatokea, ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata akasimama mtu tena: nyumba zinaanguka, mali inazama, tuombee. Angalieni alichoomba hapo. Hakuomba mvua ikome. Aliomba iwe pembezoni mwao, isiwe juu yao: vilimani, ndani ya mabonde, kwenye miti inakoota. Yaani bonde ndipo mahali pa maji. Msiba unakuja pale ambapo maji yanafika mahali pake yakatukuta na sisi tumo humo humo.

Sasa tulitazame korongo letu. Dodoma tunapata mvua ya milimita kama 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine yote ni kiangazi. Kiangazi hicho ndicho kinachotudanganya. Korongo linageuka njia. Watoto wanacheza mpira humo, kina mama wanafukua mchanga kutafuta maji, malori yanapakia mchanga wa kujengea, mchungaji anapitisha mbuzi. Miaka miwili mvua ikiwa haba hata jina la korongo linapotea, linaitwa "ile njia ya mchanga".

Halafu siku moja inanyesha huko juu. Ardhi iliyokauka na kukanyagwa na ng'ombe hainywi maji haraka, yanateleza juu yake kama kwenye sakafu. Fanyeni hesabu wenyewe: mvua ya milimita 20 ikishuka kwenye eneo la kilomita moja ya mraba ni tani 20,000 za maji. Makorongo yetu mengine yanakusanya kutoka kilomita za mraba 50 na zaidi. Hata ardhi ikinywa nusu, iliyobaki ni tani laki tano, na zote zinatafuta mlango mmoja.

Na zinafika pakiwa pakavu! Hili ndilo linaloua watu. Umesimama, mbingu nyeupe, jua linawaka, umefunga, unawaza uji na magimbi. Mvua imenyesha milimani saa nzima iliyopita na wewe hata ngurumo hukusikia. Unachosikia kwanza ni mlio kama wa lori linakuja, kisha povu na vijiti, kisha maji mekundu. Mara nyingi huku kwetu mawingu ya mvua kubwa hujengeka mchana na kumwaga jioni, kwa hiyo maji yanashuka saa ile ile tunayokimbizana na adhana ya magharibi, au usiku watu wanatoka tarawehe. Gizani huoni kina. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini yanamwangusha mtu mzima. Futi moja inatosha kuanza kulisukuma gari dogo, futi mbili zinabeba magari mengi, acha bodaboda yenye mama na mtoto nyuma.

Sasa nalitaja lile swali la tatu. Mvua inayokuua korongoni haikunyesha kwako. Imenyesha kwa jirani wa juu, na yeye ameiona. Je, habari ile ilikuwa yake peke yake?

Katika sheria yetu maji ya bonde yana haki ndani yake. Zubayr bin Al-Awwam (r.a.) aligombana na Answari mmoja juu ya mfereji wa maji ya mvua uliopita mashambani mwao, na Mtume akahukumu: wa juu amwagilie, kisha ayaachie yaende kwa jirani yake. Mafakihi wamejenga mlango mzima juu ya hukumu hiyo. Mtu wa chini ana haki ya kufikiwa na maji. Mimi nauliza, na nafikiri jibu mnalo: kama ana haki ya kufikiwa na manufaa ya maji, anakosaje haki ya kufikiwa na habari ya madhara yake? Anayejua kwamba korongo limejaa, na anajua nani anaishi chini, ameshika amana. Hakuiomba, lakini iko mkononi mwake. Akimaliza kurekodi video akaiweka kwenye status kwa ajili ya marafiki, ilhali hajampigia simu hata mtu mmoja wa chini, amana hajaifikisha.

Tusifikiri kuwa wa juu ni wengine daima na sisi ni wa chini. Mto Kinyasungwe unakusanya maji ya Dodoma, Kongwa na Mpwapwa, unapita Gulwe na Godegode, unashuka Kidete, unafika Kilosa ukiitwa Mkondoa, ukiingia Wami unaelekea baharini. Desemba 2009 na Januari 2010 mto huo ulifurika Kilosa, maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema, na reli ya kati iliyopita bonde hilo hilo ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Sehemu kubwa ya maji yale yalianguka huku kwetu. Kwa mtu wa Kilosa, sisi ndio jirani wa juu. Mti tunaoukata huku na kilima tunachokichunga mpaka kinabaki kipara vinamfikia kule. Wazee wa Kondoa wanakumbuka mradi wa HADO ulioanza 1973, na jinsi mwaka 1979 mifugo ilivyoondolewa kwenye eneo lote lililoharibika kwa mmomonyoko. Watu walinung'unika sana, na walikuwa na sababu, maana ng'ombe ndiyo benki ya mtu. Lakini vilima vilivaa majani tena.

Nirudi kwenye kadari, kwa sababu ndugu yetu asije akasema nimemkwepa.

Katika Suratur Raad, aya ya 17, Mwenyezi Mungu anapotaja maji yanayoshuka kutoka mbinguni, anasema mabonde yanatiririka kwa kadiri yake. Neno lililotumika hapo ni *qadar*. Lile lile. Kila bonde lina kipimo alichokipanga Mola wake, na kipimo hicho si siri. Nenda korongo lililo karibu nawe leo, tazama juu kwenye migunga iliyo kandokando. Utaona majani makavu na mifuko ya plastiki imenasa kwenye miiba, pengine juu ya kichwa chako. Maji yalifika pale. Kadari ya korongo lile imeandikwa kwenye miiba, na anayejenga chini ya alama ile akasema "namtegemea Mungu" amekataa kusoma alichoandikiwa.

Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, aliamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kuwa anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, kisha akampa mfano wa mtu mwenye ngamia anayefika kwenye bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine kavu: popote atakapochunga, anachunga kwa kadari. Umar huyo huyo, mafuriko yalipoingia Makka wakati wa ukhalifa wake yakaing'oa Maqamu Ibrahim mahali pake, alikwenda mwenyewe na akaamuru lijengwe tuta la kuyazuia maji. Wanahistoria wa Makka wameyaita mafuriko yale kwa jina la mwanamke aliyebebwa nayo akafa, Ummu Nahshal. Hakuna mahali patukufu kuliko pale, na bado Umar hakusema nyumba ya Mungu italindwa bila tuta.

Kwa hiyo neno kadari, kwa maoni yangu, lina saa yake. Likisemwa makaburini linamtuliza aliyefiwa, na hapo ni ibada. Likisemwa kabla, ukingoni mwa maji, injini ikiwa inaunguruma, mara nyingi ni uvivu au ubishi umevaa kanzu.

Na ni baya zaidi likisemwa na aliyeshika usukani wa watu wengine. Jumamosi ya Desemba 4, 2021, huko Mwingi katika kaunti ya Kitui nchini Kenya, nchi kavu yenye mito ya mchanga kama yetu, basi lililobeba wanakwaya wakienda harusini liliingia kwenye daraja la mto Enziu maji yakiwa yamepita juu. Watu wamejaa kingo zote mbili wanatazama. Walikufa zaidi ya 30. Mwaka 2024, siku mbili tatu baada ya Idi, Aprili 12, gari la shule lilisombwa Arusha na watoto wakafa. Aprili 14, Samad al-Shan huko Oman, ambako wengi wetu huku Afrika Mashariki tuna jamaa, wadi ilibeba gari lenye watoto wa shule. Ni wiki moja hiyo, na ni watoto ambao hakuna aliyewauliza wanaonaje.

Hapa nina neno na abiria. Tumelelewa na haya. Kijana hamkatizi mtu mzima, mke anamwachia mume aamue, abiria anaona dereva ndiye anayejua. Haya ni sehemu ya imani na siibezi. Lakini haina kazi kwenye drifti iliyofunikwa na maji. Ukisema "nishushe hapa, nitasubiri", hujamvunjia mtu heshima. Futari ya kuchelewa nusu saa kando ya korongo, kwa tende moja na maji ya chupa, haina upungufu wowote.

Mtu atasema: wanatutangazia mvua kubwa mara tatu hainyeshi, na tena kujua mvua ni ghaibu. Ghaibu ni ya Allah, hakuna ubishi. Lakini wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hawadai ghaibu, wanasoma dalili, kama nahodha anavyosoma upepo na kama babu zetu walivyosoma wingu la mashariki. Wanapotoa angalizo au tahadhari wanasema hali inaelekea hivi. Ikinyesha wilaya ya pili badala ya hapa kwako, hawakusema uongo. Mvua zetu ndivyo zilivyo, zinanyesha mtaa huu zinaruka ule. Ukilaza mtoto kwa dada yako aliye kilimani usiku mmoja na maji yasije, umepoteza nini? Umemtembelea ndugu ndani ya Ramadhani.

Tusije lakini tukamgeuzia maneno haya masikini. Ni rahisi kusema "mbona umejenga korongoni". Tangu serikali ilipotangaza 2016 kuhamia Dodoma, viwanja vimepanda mno, na mwenye kipato kidogo amesukumwa kwenye kile cha bei ya chini, na cha bei ya chini kina sababu yake. Kiwanja hicho mara nyingi kimeuzwa Agosti, kikavu, kimefyekwa, na aliyekiuza anajua Januari kinakuwaje. Mnakumbuka Mtume alivyopita sokoni Madina, akaingiza mkono kwenye lundo la nafaka, vidole vikatoka vimelowa. Muuzaji akasema ni mvua imelowesha. Akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, akasema anayedanganya si katika sisi. Jamani, aliyeuza kiwanja cha mkondo wa maji wakati wa kiangazi ameficha nafaka iliyolowa. Na dalali aliyesimama pembeni akanyamaza apate asilimia zake ajue ameshiriki. Kama wapo kati yetu waliofanya hivyo, hizi ni siku za toba, na toba ya haki ya mtu haitimii kwa istighfari peke yake. Mrudie mnunuzi. Mwambie ukweli kabla maji hayajamwambia.

Nimalizie na adhana. Siku moja ya mvua na matope, Ibn Abbas (r.a.) alimwambia muadhini asiite watu waje kwenye swala, badala yake atangaze kuwa waswali majumbani mwao. Watu wakashangaa. Akawaambia kuwa amelifanya hili aliye bora kuliko yeye, yaani Mtume, na kwamba hakupenda kuwatoa watembee kwenye matope. Matope tu! Wito mkubwa kuliko yote tulionao uligeuzwa ili watu wasiteleze.

Spika za msikiti wetu zinafika mbali, na chini yetu wako waumini na wasio waumini ambao wote ni majirani. Kwa hiyo, kuanzia leo:

Anayeishi upande wa juu akiona korongo limeanza kushuka ampigie muadhini au katibu saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Litatolewa tangazo la kawaida, si adhana, ili lisichanganye watu wa daku. Katibu atazipigia pia kamati za misikiti iliyo chini, na kanisa lililo karibu na kivuko, wao pia wana watu.

Usiku ukiwa na mvua kubwa tarawehe tutaifupisha au kila mtu aswali kwake. Ni sunna, na nyumbani inaswaliwa.

Leo baada ya isha, wanaokaa kandokando ya korongo waache namba zao kwa katibu, wakitaja na wazee au wagonjwa walio nyumbani wasioweza kukimbia. Vijana wenye pikipiki na walio tayari kuamshwa usiku waandike zao kwenye karatasi ya pili, iko mezani karibu na mlango wa kina mama.